Mshahara wa mhasibu: serikalini au kampuni binafsi?
Kwa mshahara wa mkononi, kampuni binafsi huwa mbele, hasa ukishakuwa na CPA au ACCA (sifa za kitaaluma za uhasibu) na kupanda cheo. Ngazi za chini pengo ni dogo, mara nyingine serikali ndiyo inalipa zaidi. Nimefanya kazi kote kuwili. Kampuni ilinipa bonasi, ila siku za kufunga hesabu za mwezi nilikuwa natoka ofisini saa nne usiku, na mwaka wa hasara bonasi haikuja kabisa. Serikalini nyongeza inafuata ngazi ya mshahara, hata uwe hodari vipi. Cha kuuliza kwanza ni pensheni: kiwango kimeahidiwa kulingana na mshahara na miaka ya utumishi, au utalipwa michango na faida yake tu? Kikiwa kimeahidiwa, pengo linaweza kuzibika lote.