Kurisiti PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), piga hesabu kwanza

Mdogo wangu, umesema form six umepata D ya Baiolojia, E ya Kemia na S ya Fizikia na bado unautaka udaktari, haya tupige hesabu, D ni pointi 2, E ni 1, hiyo S sio principal (ufaulu kamili, kuanzia A mpaka E), jumla una 3, na TCU, tume ya vyuo vikuu, kwa digrii wanataka principal mbili zifike 4, kwa hiyo chuo kikuu hakikuchukui hata kwa kozi nyingine, achilia mbali MD, digrii yenyewe ya udaktari, inayotaka principal zote tatu. Ningekuwa wewe ningerisiti. Ila Fizikia ilikuangusha kwa nini, huelewi au ulikuwa husomi? Maana kama huelewi halafu unajifungia ndani na madesa yale yale, mwezi wa tano utafika utashangaa.

Na tafuta kituo chenye maabara ya kweli sio bango. Mi niliporisiti tulikuwa na bureti mbili (ile mirija ya kudondoshea kemikali) watu kama 30, siku ya praktiko mkono unatetemeka nikapitiliza matone, chupa nzima pinki kama juisi ya rozela 😂

Njia nyingine kama form four Kemia, Baiolojia na Fizikia ulipata kuanzia D, kuna diploma ya utabibu, miaka 3 unatoka klinikal ofisa, ukiwa na GPA nzuri MD unaomba baadae. Ada tu ndo kasheshe. Mzee nyumbani anasemaje?