Muulize Maalim: karafuu za Magellan, kisiwa cha Wajerumani na siku zilizofutwa

"Maalim, shikamoo. Babu yangu ana mikarafuu, na kila msimu hutwambia kuwa karafuu ndiyo iliyowafanya Wazungu waizunguke dunia. Wenzangu skuli wananicheka. Babu anasema kweli?" (Mwanafunzi, Wete)

Marahaba, mjukuu wangu. Waambie wenzio wanyamaze, maana babu yako anasema kweli.

Septemba 1519 merikebu tano ziling'oa nanga Uhispania zikiwa na watu wapatao 270, chini ya Mreno aitwaye Ferdinand Magellan. Hawakutoka kwenda kuthibitisha kwamba dunia ni mviringo. Hilo wasomi walikwishalijua karne nyingi kabla yao. Walitumwa karafuu. Siku hizo mkarafuu ulikuwa hauoti popote ila katika visiwa vichache vya Maluku, katika Indonesia ya leo: Ternate, Tidore na majirani zake. Wareno walikuwa wameikalia njia ya mashariki, ile inayozunguka Rasi ya Tumaini Jema na kupita pwani yetu hii. Mfalme wa Uhispania akataka mlango wa nyuma, kwa kuzungukia magharibi.

Magellan mwenyewe hakuziona karafuu hizo. Aliuawa tarehe 27 Aprili 1521 huko Mactan, Ufilipino, kwa kujitia katika ugomvi wa machifu usiomhusu. Waliobaki walifika Tidore mwezi wa Novemba na merikebu mbili, wakazipakia mpaka zikajaa, na moja ikagundulika inavuja, ikaachwa nyuma. Iliyozunguka dunia nzima ikarudi Uhispania ni Victoria peke yake, Septemba 1522, nahodha akiwa Juan Sebastián Elcano, na waliokuwamo walikuwa watu 18. Katika ngama ya chombo mlikuwa na karafuu zaidi ya tani 20, na mauzo yake yalirudisha gharama za msafara mzima. Merikebu tatu zimepotea, ya nne ilitoroka njiani ikarudi Uhispania, watu wengi hawapo, na mwenye mtaji hakupata hasara. Babu akikulalamikia bei ya mwaka huu, mpe hesabu hiyo.

Kuna nyongeza ambayo vitabu vya skuli huiruka. Magellan alikuwa na mtumwa aitwaye Enrique, aliyemnunua Malaka mwaka 1511 na kwenda naye Ulaya. Safari hii ilipofika Ufilipino kwa upande wa pili, Enrique akazungumza Kimalei na wenyeji wakaelewana. Kwa hiyo huenda mtu wa kwanza kuizunguka dunia akakaribia kabisa kufika kwao hakuwa Magellan wala Elcano. Baada ya mauaji ya kisiwa cha Cebu, hukohuko Ufilipino, Mei 1521, hasikiki tena.

Zilifikaje kwenu Wete? Waholanzi waliwapora Wareno biashara hiyo, wakawa wanakata mikarafuu ya visiwa vingine makusudi ili ibaki Ambon tu, chini ya macho yao. Mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre akafanikiwa kupata miche ya magendo na kuifikisha Mauritius. Kutoka visiwa vile vya Wafaransa ikaingia Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na Sayyid Said bin Sultan akaigeuza kuwa utajiri wa dola, kwa mikono ya watumwa waliopanda na kuchuma. Babu akisimulia, na hilo alisimulie. Halafu kikaja kimbunga cha Aprili 1872, kikailaza mikarafuu ya Unguja, na Pemba sehemu kubwa ikasalimika. Tangu hapo karafuu ndiyo ikawa Pemba.

"Hivi kweli Napoleon alikuwa kibeti? Hapa barzani tumebishana mpaka chai imepoa." (Vijana wa Kikwajuni)

Hapana. Alipimwa futi 5 na inchi 2, lakini kwa kipimo cha Kifaransa, ambacho inchi yake ilikuwa ndefu kuliko ya Kiingereza. Ni kama sentimita 168, kimo cha kawaida kwa Mfaransa wa wakati wake. Waliompunguza ni wachora katuni wa London, khasa James Gillray. Basi, chai ipashwe moto.

Ila ninayo ya kubishania iliyo bora. Waingereza walimfunga Napoleon katika kisiwa cha Saint Helena mwaka 1815, akafia huko 1821. Karibu miaka 100 baadaye wakampeleka kisiwa hichohicho mtu wa hapa mjini kwetu: Sayyid Khalid bin Barghash.

Huyu ndiye wa vile vita mnavyoniandikia kila wiki, vya dakika 38. Sultani wa Zanzibar, Sayyid Hamad bin Thuwaini, alifariki tarehe 25 Agosti 1896, Khalid akaingia Jumba la Mfalme kabla Waingereza hawajamkubali. Wakampa muda mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Saa tatu na dakika mbili mizinga ya manowari ikaanza. Wako wanaohesabu dakika 38 na wako wanaofikisha 45, inategemea saa umeisimamisha wapi, na mimi sina hamu ya ubishi huo. Upande wa Khalid waliouawa au kujeruhiwa ni watu kama 500, na upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja. Jengo la mbao na mawe ya matumbawe, limejaa watu, linapigwa mabomu kutoka baharini: haihitaji muda mrefu.

Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Wajerumani. Waingereza wakaweka walinzi nje ya lango wakingoja atoe mguu. Wajerumani wakangoja bamvua. Tarehe 2 Oktoba maji yalijaa mpaka ukingo wa bustani ya ubalozi, mashua ikaja hadi pale, Khalid akaingia bila ya kukanyaga ardhi ya nje, akapelekwa Dar es Salaam. Mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza wakamkamata hukohuko, ndipo akaonja Saint Helena na Shelisheli. Mwishowe aliruhusiwa kuishi Mombasa, akafariki 1927.

"Ati Wachina waliwahi kuchukua twiga kutoka Malindi?" (Msomaji, Malindi, Unguja)

Ndiyo, ila Malindi ya Kenya, si mtaa wako. Mwaka 1415, zama za safari za amiri Zheng He, Muislamu wa Yunnan. Baraza la mfalme wa China lilimfananisha twiga huyo na mnyama wao wa baraka wa hadithini.

"Maalim mwanangu, marehemu mume wangu alikuwa akisema sisi tulibadilishwa na Wajerumani kwa kisiwa, kama mtu abadilishavyo kuku kwa kanga. Kisiwa hicho kiko wapi, na kina nini?" (Bibi, Mkoani)

Shikamoo, Bi Mkubwa. Mungu amrehemu mzee wetu. Kisiwa kinaitwa Heligoland, kiko Bahari ya Kaskazini, karibu na pwani ya Ujerumani. Ni mwamba mwekundu wa kama kilomita mraba moja. Ukiswali Alasiri ukaanza kukizunguka kwa miguu, Magharibi itakukuta umeshamaliza.

Mzee alikuwa karibu na ukweli, lakini biashara yenyewe ilikuwa ya ajabu zaidi, kwa sababu Wajerumani walikuwa hawaimiliki Zanzibar hata wakaweza kuitoa. Mwenye nchi alikuwa Sayyid Ali bin Said. Katika mkataba uliotiwa saini Berlin tarehe 1 Julai 1890, Ujerumani ilikubali kutoingilia Uingereza ikiifanya Zanzibar himaya yake, ikaiachia na Witu, jirani na Lamu. Uingereza nayo ikatoa Heligoland, iliyokuwa mikononi mwake tangu 1807. Mtu anauza kutokudai kitu kisicho chake, na mwingine ananunua. Mwaka huohuo mwambao wa Tanganyika, ambao hadi hapo ulikuwa wa Sultani, ulichukuliwa moja kwa moja na Wajerumani kwa malipo ya marki milioni 4. Na Mafia ikaenda nao.

Kwa nini waling'ang'ania mwamba ule? Walikuwa wakichimba mfereji wa Kiel ili manowari zao zipite kutoka Baltiki hadi Bahari ya Kaskazini, na Heligoland imekaa mbele ya mdomo wa mfereji. Wakakijaza mizinga. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, tarehe 18 Aprili 1947, Waingereza wakalipua humo tani kama 6,700 za baruti ili kuyamaliza mahandaki yote kwa siku moja. Kisiwa kikageuka sura lakini hakikuzama. Kilirudishwa kwa Wajerumani 1952, na leo watu huenda kutalii.

Mkataba uleule uliwapa Wajerumani pia ulimi mwembamba wa ardhi huko Namibia, urefu wake kama kilomita 450, wapate kuufikia mto Zambezi na kushuka nao hadi Bahari ya Hindi. Ukapewa jina la Kansela wao, Caprivi. Chini kidogo ya hapo ndipo yalipo maporomoko ya Victoria, na hakuna chombo kinachoyashuka. Hiyo, Bi Mkubwa, huwa nacheka kila nikiisoma.

"Mwalimu wetu ametufundisha Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi, halafu kitabu kinasema yalitokea Novemba 1917. Nani kakosea?" (Mwanafunzi wa kidato cha nne, Makunduchi)

Hakuna aliyekosea. Warusi walikuwa kwenye kalenda nyingine. Kalenda ya Julius Caesar iliuhesabu mwaka kuwa siku 365 na saa sita, na mwaka wa jua ni pungufu ya hapo kwa dakika 11 hivi. Dakika 11 si kitu, lakini kila baada ya miaka kama 128 zinatimia siku nzima. Ilipofika karne ya 16, Pasaka ilikuwa imeteleza siku kumi kutoka majira yake. Papa Gregory XIII akazifuta: mwaka 1582, Alkhamisi tarehe 4 Oktoba ilifuatiwa na Ijumaa tarehe 15 Oktoba. Siku za wiki hazikuguswa.

Nchi za Kikatoliki kama Uhispania na Ureno zilifuata papo hapo. Waingereza, kwa kutotaka kuamrishwa na Papa, waligoma hadi 1752, na kwa kuchelewa kwao ikabidi wafute siku 11: tarehe 2 Septemba, kisha 14. Warusi walisubiri hadi Lenin alipoingia. Walilala tarehe 31 Januari 1918 wakaamka tarehe 14 Februari. Mapinduzi yenyewe kwao yalikuwa tarehe 25 Oktoba, na kwa kalenda ya leo ni tarehe 7 Novemba.

Wewe wa Makunduchi khasa usingestaajabu. Mwaka Kogwa wenu unatokana na Nairuzi, mwaka wa siku 365 kamili zilizogawiwa kwa miongo ya siku kumi kumi, ambao mabaharia na wakulima waliutumia kujua kusi na kaskazi. Haukuwa na siku ya nyongeza kila baada ya miaka minne, kwa hiyo nao ulirudi nyuma siku moja kila miaka minne, bila ya Papa wala Lenin.

Na wale mabaharia wa merikebu Victoria, wakiwa njiani kurudi, walituma mashua nchi kavu huko Cape Verde, Julai 1522. Kwa daftari yao ilikuwa Jumatano, wenyeji wakawaambia ni Alkhamisi. Waliapa hawakuruka hata siku moja, na kweli hawakuruka; kwa kulifuata jua upande wa magharibi dunia nzima, walikuwa wameona macheo moja pungufu. Wangekuwa Waislamu wangeswali Ijumaa siku ya Jumamosi.

Katika mtihani andika 7 Novemba 1917, na pembeni uandike 25 Oktoba kwa kalenda ya zamani. Msahihishaji hatakuwa na pa kukukata.