Barua ya msomaji: Udi wetu hausikiki

Mwalimu, shikamoo. Napiga fidla hapa Tanga. Tumekusanyika vijana watano: fidla, selo, klarineti, udi (ala ya nyuzi yenye shingo fupi) na kanuni (ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani). Nataka kututungia kipande cha ala tupu, bila mwimbaji, cha dakika kumi hivi. Nimeshaandika dakika tatu katika rasti, ule mpangilio wa sauti wa muziki wa Kiarabu. Kwenye kompyuta zilipendeza mno. Tulipokaa kupiga, udi haukusikika, na kanuni na klarineti zilikwaruzana mpaka tukaacha. Halafu mpiga udi wetu hasomi noti. Nianzie wapi?

Msomaji, Tanga

Marahaba, mwanangu. Tuanze na huo mkwaruzo. Rasti ikianzia do, mi yake si ile ya piano. Imekaa katikati, juu ya mi bemoli (mi iliyoshushwa nusu sauti) na chini ya mi yenyewe. Ti yake ni vivyo hivyo. Wewe na mwenzako wa selo mnazipata kwa kusogeza kidole tu, na udi pia, maana shingo yake haina vyuma kama gitaa. Mpiga kanuni ameshazitega kwa vile vijiti vidogo vya chuma vilivyo kandoni mwa nyuzi. Imebaki klarineti, ambayo matundu yake yametobolewa kwa mi ya Kizungu. Mpigaji hodari huishusha kwa midomo na kwa kupanga vidole kwa namna nyingine, lakini si kwenye mbio. Basi penye kasi mwandikie do, re, fa, so na la. Mi iweke mahali pa polepole, aishikilie ndefu na kwa sauti ya chini, huku akimsikiliza mwenzake wa kanuni. Zile sauti mbili zikikutana, utazihisi kifuani.

Itazame pia mikono ya mpiga kanuni. Amevaa pete kwenye vidole viwili vya shahada, na kila pete imebana risha, kijiti cha kudonolea nyuzi. Ukitaka kutoka rasti kwenda hijazi, mpangilio mwingine wa sauti, katikati ya kipande, lazima mkono wake wa kushoto uache nyuzi ukageuze vijiti. Kompyuta haijui hilo. Mimi mwenyewe, nikiwa na umri kama wako, nilimwandikia mzee mmoja wa Unguja mageuzi ya namna hiyo bila kumwachia hata mizani moja, yaani fungu moja la mapigo. Alisimamisha mazoezi, akaniita nikae kando yake, akanionyesha pole pole mkono unavyokwenda na kurudi. Nilirudi nyumbani nikaandika upya ukurasa mzima. Tangu hapo, kabla ya kila mageuzi naacha mizani mbili za mkono wa kulia peke yake.

Sasa udi. Uzi ukishadonolewa, sauti inaanza kufa hapo hapo. Fidla na selo zina upinde, klarineti ina pumzi. Zote zinaweza kuvuta noti zitakavyo. Kompyuta imekupangia ala zote kwa nguvu sawa, ndiyo maana ulidanganyika. Na naona (ulinitumia ukurasa wa kwanza) selo inadonolewa kwa kidole chini ya udi. Hapo ndipo udi unapozama, kwa sababu sauti zao zinakaa eneo moja na zina rangi inayokaribiana. Udi ukisema, selo inyamaze, au ipande juu kwa upinde mwepesi.

Kuwa na wapigaji watano hakukulazimishi kuwapigisha wote muda wote. Olivier Messiaen, Mfaransa, alikuwa mfungwa wa vita katika kambi ya Görlitz, Ujerumani. Miongoni mwa wafungwa wenzake alipata mpiga fidla, mpiga klarineti na mpiga selo. Piano akapiga mwenyewe. Aliwatungia hao hao aliokuwa nao, wakapiga kambini Januari 1941. Kipande hicho, Quatuor pour la fin du temps, kina sehemu 8, na wote wanne wanapiga pamoja katika sehemu 4 tu. Moja ni ya klarineti peke yake kabisa. Nakusihi uitafute uisikilize.

Kuhusu mpiga udi asiyesoma noti, usimhesabu kuwa pungufu. Wapigaji wengi wa taarabu walizijua bashrafu, vile vipande vya ala tupu vya kufungulia onyesho, kwa sikio, na wanazo kichwani mpaka leo. Mwimbie sehemu yake kwa mdomo, kipande kwa kipande, naye akujibu kwa udi. Akibadilisha kitu, usikimbilie kumsahihisha. Piga naye mara tatu kwanza, huenda mkono wake umejua njia nyepesi kuliko kalamu yako. Ila mkubaliane ishara ya kichwa au ya upinde ya kuingilia, kwa kuwa wenzake watakuwa wanahesabu mizani naye hahesabu.

Dakika tatu ulizonazo usizitupe. Ondoa selo kwenye ile ya kwanza, kisha ukae na mpiga udi wewe na yeye tu, jioni mbili tatu, kabla hujawaita wengine.