Keya waliozama na Khedive Ismail

SWALI: Mhariri, bibi yangu alikuwa akisimulia kwamba kaka yake, Keya wa kikosi cha mizinga, alifia baharini mwaka 1944 akiwa katika meli aliyoiita "Ismaili". Je, meli hiyo ilikuwapo kweli? Na Sanamu ya Askari pale mjini inamhusu babu huyo?
Msomaji, Temeke

JIBU: Ilikuwapo, na bibi yako hakukosea sana jina, kwani iliitwa Khedive Ismail. Iliundwa mwaka 1922 kwa ajili ya kampuni ya Chile, ikachukua abiria na mizigo kwa jina la Aconcagua hadi iliponunuliwa na kampuni ya Misri mwaka 1935. Vita vilipopamba moto, Waingereza wakaitwaa ili isafirishe askari. Mapema Februari 1944 iling'oa nanga Kilindini kuelekea Colombo katika msafara wa meli tano, ikiwa na watu zaidi ya 1,500, ambao karibu 1,000 kati yao walikuwa wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki. (Kwa kweli Keya ni askari wa KAR, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, lakini mitaani kila aliyekwenda Burma aliitwa hivyo.)

Mchana wa tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, wakati wengi walikuwa ndani wakitazama tamasha la muziki, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili, nayo ikazama kwa dakika zipatazo mbili tu, hata waliokuwa chini hawakuwahi ngazi. Walikufa watu 1,297, wakiwamo wauguzi wa kike wengi.

Linalouma zaidi ni lililofuata. Nyambizi ilijificha chini ya maji palepale walipokuwa wakielea manusura, na manowari za Waingereza zilizolinda msafara, Petard na Paladin, zikihofia usalama wa meli zilizobaki, zikatupa mabomu ya kina, yale yanayolipuka chini ya maji, ilhali watu wangali wanaogelea. I-27 ilizamishwa hatimaye, na hesabu ya makamanda inaeleweka. Ila sidhani kama yupo awezaye kumweleza hivyo aliyekuwa majini siku ile.

Ama Sanamu ya Askari, ile ilizinduliwa mwaka 1927 kwa ajili ya waliopigana Vita Kuu ya Kwanza, hivyo haimhusu. Askari wa nchi zetu waliopotea na meli hii wanakumbukwa katika Mnara wa Afrika Mashariki, kwenye makaburi ya vita yaliyopo Barabara ya Ngong, Nairobi. Ukienda, chukua jina lake kamili pamoja na namba yake ya jeshi, iwapo familia bado inayo.