Ufunguo wa Klabu Usikae kwa Mpangaji

Kwa karibu miaka minane ufunguo wa klabu yetu hapa Magomeni ulikaa mfukoni mwa mpangaji. Wanachama tukitaka kufanya kikao tulimpigia simu, naye akatuambia tusubiri, leo kuna wageni. Tulikuwa tunabisha hodi kwetu wenyewe. Uchungu wake niliuona siku alipofariki mzee mmoja katika waasisi. Ukumbi alioshiriki kuujenga kwa mikono yake ulikuwa umekodishwa kwa sherehe ya watu tusiowajua, na sisi tukatandika mikeka na kufunga turubai barabarani, magari yakipita pembeni ya maiti yetu.

Naandika kwa sababu najua klabu za aina hii zimebaki nyingi Dar es Salaam, kuanzia Kariakoo na Ilala hadi Temeke na Kinondoni. Utaiona nyumba yenye maandishi yaliyofutika juu ya mlango, baa mbele, uwanja mdogo nyuma. Moja ilianza kwa mpira, nyingine kwa dansi au taarabu, nyingine ni chama cha watu waliotoka wilaya moja huko bara. Nimekuwa katibu wa klabu ya namna hiyo kwa miaka sita sasa, na niliyojifunza ningependa yamfikie mtu anayepita kila siku mbele ya mlango uliofungwa akijua baba yake alikuwa mwanachama pale.

Yetu ilianza kufa siku tulipopata kodi. Bati zilikuwa zinavuja, umeme ulikuwa unadaiwa, kamati ikaona njia rahisi ni kupangisha. Hela ikaingia kila mwezi na hakuna aliyehangaika tena kukusanya ada. Mtu asipodaiwa ada haitwi kikaoni, asipoitwa haulizi, na baada ya miaka mitatu hajui hata mwenyekiti ni nani. Siwalaumu wazee wale, walikuwa wanaokoa paa. Lakini paa likapona na watu wakapotea.

Hapo nakumbuka habari ya Bibi Titi Mohamed. Kabla ya siasa alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Mwaka 1955, TANU, chama kilichodai uhuru, ikiwa bado changa na inawatafuta wanawake wa mji huu, yeye alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma na lelemama, ngoma ya wanawake. Kule alikuta wanawake waliokwisha kujuana, wenye viongozi wao, waliozoea kukutana na kuchangishana. Wangekuwa wanakutana siku za sherehe kubwa tu, asingewapata kwa wepesi ule. Nguvu yao ilitoka kwenye mazoea ya siku za kawaida, na ndiyo nguvu tuliyokuwa tumeipoteza sisi.

Kwa hiyo hatukuanza na rangi wala na mfadhili. Tulianza na daftari. Lilikuwa na majina zaidi ya mia mbili. Waliolipa ada ndani ya mwaka uliotangulia walikuwa kumi na tisa. Wengi walikuwa wamefariki, wengine wamehamia Mbagala, Chanika, Goba, hata Kibaha. Tulikwenda nyumba kwa nyumba kwa miezi miwili, akina mama watatu na kijana mmoja wa bodaboda aliyetubeba kwa zamu bila kudai hata mafuta. Tuliuliza mambo mawili tu. Je, utaweza shilingi elfu mbili kwa mwezi? Na ni kitu gani kitakutoa nyumbani kwako Jumanne jioni uje klabu?

Nakusihi uulize hivyo hivyo, Jumanne. Ukimuuliza mtu anataka klabu iweje, atakutajia bwawa la kuogelea. Ukimuuliza habari ya Jumanne, atakwambia ukweli wa maisha yake. Bibi mmoja alisema wajukuu zake wanne wanasomea kwenye taa moja chumba kimoja na wageni. Wastaafu walisema bao lao limefukuzwa barazani na pikipiki zinazoegeshwa. Akina mama wa kikoba, kikundi cha kuweka na kukopeshana fedha, walisema wamechoka kukutana kwenye mgahawa ambao lazima ununue soda ndipo uketi. Hakuna hata mmoja aliyetaja televisheni kubwa. Mpira unaonyeshwa kila kona ya mtaa.

Majibu hayo ndiyo yakawa ratiba yetu. Saa kumi jioni bao na drafti. Tulimwomba muuza kahawa aliyekuwa anapita na birika lake aweke jiko ndani ya uwanja, na wazee wakamfuata kahawa na kashata. Baada ya magharibi hadi saa mbili usiku ukumbi ni wa watoto wa shule, na mwalimu mstaafu ambaye ni mwanachama anakaa nao. Jumamosi asubuhi ni kikoba. Kila siku ya kufungua ina watu wawili wa zamu, majina yao yameandikwa ubaoni, na ufunguo unapita mkono kwa mkono. Mtu aliyeshika ufunguo wiki hii hawezi kusema wiki ijayo kwamba klabu ni ya kamati.

Na mpangaji? Baadhi yetu tulitaka kumtoa siku hiyo hiyo. Wazee walitukataza, na walikuwa sahihi. Tulisubiri mkataba wake uishe, tukakaa naye, akabaki na chumba cha mbele kwa kodi pungufu kidogo. Ukumbi, uwanja na mlango wa nyuma vikarudi kwetu, na kufuli jipya tukanunua wenyewe. Usiikate kodi ya mpangaji kabla ada hazijaanza kuingia, utarudi kumpigia magoti.

Kosa letu kubwa lilikuwa bonanza. Mwezi wa nne tangu tufungue tulijaa furaha, tukakodi muziki, tukachinja mbuzi, mtaa mzima ukaja. Fedha yote ya akiba iliondoka, majirani wakapeleka malalamiko ya kelele serikali ya mtaa, na Jumatatu yake walikuja watu kumi na wawili, wale wale wa kila siku. Nililia usiku ule, sifichi. Umati unapendeza machoni, lakini hauji kufagia.

Kilicholeta wanachama ni viti. Tulinunua viti sitini vya plastiki na turubai moja. Mwanachama akifiwa vinakwenda nyumbani kwake bure, na vijana wa klabu wanavipanga na kuvirudisha; kwa harusi na shughuli nyingine vinakodishwa. Tulibishana vikao viwili kuhusu mwanachama anayedaiwa ada. Je, viti apewe? Mama mmoja akasimama akasema msiba haungoji deni, na hoja ikaisha hapo. Tangu hapo vinakwenda kwa kila mwanachama aliye kwenye daftari, na wengi wa waliodaiwa wamekuja wenyewe kulipa arobaini ilipopita. Kama una hela ya kufanya jambo moja tu kwenye klabu yako, nunua viti.

Kuhusu hesabu nitasema kidogo, kwa kuwa jawabu ni fupi: zibandikwe ukutani kila mwezi, kwa mwandiko mkubwa, hadi shilingi ya ufagio. Ada zipite kwenye namba ya klabu, isiwe simu ya mweka hazina, na kutoa fedha kuhitaji zaidi ya mtu mmoja. Angalieni pia LUKU, umeme wa kulipia kabla ya kutumia. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa humo humo mtu anaponunua umeme, kwa hiyo nani ananunua umeme na anarudishiwaje ni jambo la kuandikwa kwenye mkataba wa upangaji. Sisi hatukuliandika, likatuletea ugomvi wa wiki tatu ambao ungeepukika kwa mstari mmoja.

Akina mama wapewe vyeo vyenye kalamu na daftari. Wameweka fedha za kikoba kwa miaka bila senti kupotea, halafu wakija klabu wanaelekezwa jikoni? Kwetu mweka hazina ni mama, na hatujawahi kukaa mwezi bila hesabu.

Sasa jambo ambalo watu huliahirisha hadi linawazika: karatasi. Klabu ya kijamii husajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na inapaswa kulipa ada ya kila mwaka na kupeleka taarifa zake. Klabu ya michezo ina msajili wake upande wa Baraza la Michezo la Taifa. Kikoba kinachokutana ndani ya klabu ni kikundi kingine, nacho kinapaswa kusajiliwa kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, kupitia halmashauri. Msichanganye fedha zake na za klabu. Na kiwanja, ndugu zangu, kiwe chini ya bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Kikiwa na jina la mwasisi mmoja, siku akifariki warithi wake wana haki ya kuuliza. Hawatakuwa watu wabaya kwa kuuliza, watakuwa wanasoma kilichoandikwa.

Sisi tulitafuta barua ya toleo ya kiwanja chetu, ile inayoonyesha tulipewa kiwanja, karibu mwaka mzima. Tulifukua makabati, tukauliza kila mzee, tukakata tamaa. Mwishowe kijana wetu wa bodaboda akatupeleka Chanika, kwa mjane wa mweka hazina wa zamani, bibi ambaye hatukuwa tumemwona tangu mumewe azikwe. Tulimwamkia, tukaeleza tulichofuata. Akaingia ndani, akavuta sanduku la bati chini ya kitanda, akatoa bahasha iliyofungwa ndani ya kanga. Barua ilikuwemo, na chini yake kitabu cha risiti za ada, ya mwisho ikiwa ya mumewe, mwezi mmoja kabla hajafariki.

Nikamuuliza kwa nini hakuileta miaka yote ile.

"Nilikuja mara mbili, mwanangu," akasema. "Palikuwa pamefungwa." Kisha akauliza siku hizi tunafungua saa ngapi.