Jibu: DAC ya R-2R au yenye chipu ya ESS?

Mkuu, umesema mlisikiliza kwa kupokezana DAC mbili (vifaa vya kugeuza sauti ya dijitali kuwa ya analogi) kwa rafiki yako Sinza, ile yenye chipu ya kampuni ya ESS ikasikika "imefunguka" kuliko ya R-2R, yaani ile inayotumia ngazi ya vipingamizi. Je, mlisawazisha sauti kwa kipimo au kwa kukadiria tu na kitufe cha sauti?

Nauliza kwa sababu towe (tundu la kutolea sauti) la aina ya RCA kwa kawaida ni volti 2 hivi, la aina ya XLR mara nyingi volti 4. Hiyo ni desibeli 6 za ziada, na sikio likipewa sauti kubwa kidogo tu linasema ndiyo nzuri. Mimi nilisifia boksi moja la mamilioni wiki nzima hapa Tabata, kumbe lilikuwa juu kwa desibeli moja. Aibu niliyoipata!

Nunua multimita Kariakoo, cheza mlio wa hezi 100, pima volti za AC kwenye nyaya za spika, rekebisha hadi tofauti iwe chini ya asilimia 1. Kisha mwenzako abadilishe bila wewe kuona.

Tofauti za kweli zipo. R-2R ikiwekwa NOS, yaani bila kuongeza sampuli (vipimo vya sauti kwa sekunde), faili la kilohezi 44.1, kiwango cha CD, hupungua sauti karibu desibeli 3 kwenye milio myembamba ya kilohezi 20. Ndio huo "ulaini" unaosifiwa. Kwenye rekodi za zamani za bendi ya Sikinde naupenda, magitaa hayachomi masikio. Kwenye rekodi safi za siku hizi, hapana.

Na mkisikiliza, zimeni feni kwanza, jamani, kelele zake zinaharibu.