Nani huamua shule ya kijijini Marekani ifungwe?

Ndugu, umeuliza kama ni wizara ya Washington inayotaka kufunga shule ya wanao huko kijijini. Hapana. Uamuzi kwa kawaida uko kwa bodi ya shule: majirani zenu, mara nyingi watano au saba, pengine mkulima na muuguzi, mliowapigia kura wenyewe. Bodi ndiyo humwajiri msimamizi wa wilaya ya shule, yaani eneo ambalo shule zake zinaendeshwa na bodi hiyo, na wilaya ikiwa ndogo sana, wakati mwingine huyohuyo ndiye mwalimu mkuu; dereva wa basi akiugua, huenda akashika usukani. Fedha nyingi hutoka jimboni na kwenye kodi ya ardhi na majengo. Serikali kuu huchangia kama asilimia 10 tu. Nenda kikaoni mapema, kabla hawajapiga kura. Vikao viko wazi kisheria, na bajeti una haki ya kuisoma.